Kivumbasi kando ya matikiti: uchambuzi wa kisa kimoja nje kidogo ya jiji la Dodoma

Kisa hiki kinahusu kikundi cha akina mama na vijana wachache wanaolima bustani ya kiangazi katika kijiji kimoja kisicho mbali na jiji la Dodoma. Jina la kijiji, la kikundi na ya watu wote yameondolewa, na mambo mawili matatu yanayoweza kumtambulisha mtu yamebadilishwa. Nilishirikiana nao kama mshauri wa kilimo tangu waliponiita kuangalia miche iliyokuwa ikifa. Mengine nimeyaona kwa macho, mengine nimeyapata kwenye daftari la katibu wao, mama anayeandika kwa uangalifu mkubwa. Nakiandika kwa sababu watu wengi mikoa ya kati wanataka kupanda maua kwa ajili ya nyuki, na swali la kwanza wanalouliza ni "maua gani?" Kisa hiki kinaonyesha kwamba kuna swali linalotakiwa kuulizwa kabla ya hilo: maua hayo ni ya kufanya kazi gani?

Hali ilivyokuwa

Dodoma hupata mvua kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Kuanzia Mei ni jua, vumbi na upepo. Kikundi hiki kina kisima kirefu chenye pampu, kwa hiyo mvua inapokatika ndipo wao wanapoanza: matikiti, maboga, nyanya chungu na mchicha kwenye eneo la ekari mbili hivi. Sehemu ya juu ya shamba ni kichanga chekundu. Sehemu ya chini inaelekea mbugani, udongo mweusi wa mfinyanzi unaonata mvua ikinyesha, na kiangazi unapasuka nyufa ambazo mkono unaingia.

Nyuma ya shamba kuna kichaka cha migunga, na humo kikundi kimetundika mizinga. Kila mwaka, kiangazi kilipokolea, nyuki walihama. Nyuki wetu wa Afrika hawavumilii njaa wala kiu: chakula na maji vikikosekana, kundi zima huacha masega na kuondoka. Kwa bahati mbaya huo ndio wakati matikiti ya kikundi yalipokuwa yakichanua.

Na matikiti yalitoka na shingo. Upande wa chini mnene, upande wa kikonyo umenywea. Wanunuzi wa mjini waliyatenga pembeni au waliyataka kwa bei ya kutupa. Wanachama wengi waliamini ni upungufu wa mbolea, wakaongeza samadi, na shingo zikabaki palepale.

Hapa inabidi tukae kidogo. Tikiti lina maua dume na maua jike kwenye mmea mmoja. Ua jike unalitambua kwa kitikiti kidogo chenye vinyweleo kilichokaa nyuma ya petali za njano. Linafunguka asubuhi jua linapochomoza, na kufikia mchana limeshafunga. Siku yake ni hiyo moja tu. Chavua ya tikiti, yaani ule unga wa ua dume, inanata, upepo hauibebi. Lazima mdudu aitoe ua dume na kuipeleka ua jike, na si mara moja: inahitajika nyuki atue mara nane au zaidi ili chavua itapakae vizuri sehemu zote tatu za kipokeo cha ua. Ikipakaa upande mmoja tu, mbegu zinashika upande mmoja, na tunda linanenepa pale penye mbegu. Shingo ya tikiti mara nyingi ni taarifa ya nyuki waliokosekana asubuhi moja wiki kadhaa zilizopita.

Uamuzi wa kwanza: lavenda

Ndugu wa mwanachama mmoja alileta pakiti za mbegu za lavenda. Kikundi kikaamua kuipanda, na sababu walizoandika zilikuwa za maana: nyuki wanaipenda, harufu yake inauzika kwa mafuta na sabuni, inadumu miaka mingi shambani, na imeandikwa kwenye pakiti kwamba inastahimili ukame. Yote hayo ni kweli. Lavenda ni mmea wa milima na miamba ya nchi zinazoizunguka bahari ya Mediterania, umezoea udongo mwembamba wenye chokaa na miezi bila tone la mvua.

Kitalu cha kwanza hakikuota karibu kitu. Mbegu zilifukiwa ndani kama za mahindi, zikanyeshewa asubuhi na jioni. Kijana mmoja wa kikundi alisoma kwamba mbegu za lavenda ya kawaida, Lavandula angustifolia, huota vizuri zaidi zikipitia baridi kwanza. Alizifunga kwenye kitambaa chenye unyevu, akaziweka kwenye mfuko wa nailoni, akamwomba mwenye duka la senta amhifadhie ndani ya jokofu la soda. Baada ya wiki chache akazitawanya juu ya mchanga uliochekechwa bila kuzifukia. Safari hii ziliota za kutosha kujaza viriba vya kivuli kizima. Kijana yule alistahili pongezi alizopewa.

Kosa lililofuata lilikuwa la mahali. Miche ilihamishiwa shambani Desemba, mvua za kwanza ziliposhika, na wengi wakakubaliana ipandwe sehemu ya chini kwa kuwa udongo mweusi "una rutuba". Kufikia Februari miche ilikuwa imegeuka kijivu kuanzia chini. Nilipoitwa niling'oa mmoja: mizizi ilikuwa laini, ya kahawia, ganda linavuka kwa vidole. Yaliyosalia yalikuwa mashina machache ambayo mtoto wa mwanachama alikuwa ameyapanda kwenye tuta la kichanga karibu na tangi, mahali ambapo maji hayatuami kabisa.

Mzee wa mizinga

Kikundi kina mshauri wake wa nyuki, mzee wa makamo ya juu ambaye amerina asali tangu enzi za mizinga ya magogo. Katika mkutano wa kujadili lavenda alikaa kimya hadi mwisho. Kisha akamwambia mwenyekiti:

"Mwanangu, nyuki unaowatafuta wako nyuma ya choo chako."

"Babu, pale si pana kivumbasi tu? Nilikipanda kwa ajili ya mbu."

"Hichohicho. Nenda saa nne ukasimame pale."

Wakaenda wote, na mimi nikiwemo. Ni kichaka kirefu kuliko mtu, shina limekuwa mti, majani mapana yenye meno kingoni. Ukiyasugua unapata harufu ya karafuu. Katika mimea mingi ya aina hii, Ocimum gratissimum, harufu hiyo hutokana na yujenoli, kemikali ileile iliyo kwenye karafuu. Maua yake ni madogo, meupe yenye ukijani, yamepangwa duara kwa duara kwenye vikonyo vilivyosimama. Hayana uzuri wa picha. Lakini nyuki wa asali walikuwa wengi mno, pamoja na nyuki wadogo wasiouma, wale wakubwa weusi wanaotoboa mbao za paa, na vipepeo. Kila kikonyo kilikuwa kinatikisika. Ilikuwa kiangazi, hakuna aliyekumbuka lini mara ya mwisho kichaka kile kilimwagiliwa, zaidi ya maji ya kunawia mikono yaliyomwagwa pale.

Uamuzi wa pili na mabishano yake

Si wote waliokubali. Hoja ya upinzani ilikuwa nzito: kivumbasi hakina soko. Kipo kila nyumba, nani atakinunua? Vijana walitaka rozimari, ambayo hoteli za mjini hununua kwa ajili ya nyama ya kuchoma. Akina mama watatu walitaka kuendelea na lavenda kwa kuwa walikuwa wameitolea fedha na jasho.

Suluhu waliyofikia naiona kuwa hatua bora kuliko zote katika kisa hiki, kwa sababu waliacha kutafuta mmea mmoja wa kufanya kila kitu. Kivumbasi kilipewa kazi ya kulisha nyuki. Rozimari ilipewa kazi ya kuleta fedha, ikapandwa kwenye matuta yaliyoinuliwa upande wa kichanga. Mashina ya lavenda yaliyosalia yakaachwa pale kwenye tuta la tangi, yasiongezwe wala yasing'olewe.

Mbegu za kivumbasi ni ndogo kama vumbi la baruti, na walijifunza kutokana na lavenda: wakazitawanya juu ya kitalu, wakazikandamiza kwa kiganja, wakatandika nyasi juu ya fremu ya vijiti ili mwanga upite. Wengine walitumia vipandikizi vya urefu wa shubiri kutoka kichaka cha chooni, na hivyo viliwahi zaidi, ingawa mchwa walikula baadhi. Miche ilipandwa mistari miwili kila upande wa matuta ya matikiti, mche na mche karibu mita moja. Hawakuipanda katikati ya matikiti, kwa sababu kivumbasi kilichokomaa kinakuwa kichaka chenye kivuli na mizizi yenye nguvu.

Kupogoa kwa zamu

Mwaka wa kwanza wa kivumbasi ulikuwa na kasoro moja. Mistari yote ilichanua pamoja mwishoni mwa mvua, wakati porini kuna maua kila mahali na nyuki hawana shida. Kufikia Agosti vikonyo vyote vilikuwa vimekauka na mbegu, yaani chakula kiliisha siku zilezile za njaa.

Kivumbasi kikiachwa kibebe mbegu hupunguza maua na shina linakomaa kuwa kuni. Kikikatwa, hutoa machipukizi mapya, na kila chipukizi huishia na kikonyo cha maua. Hivyo waligawa mistari makundi matatu. La kwanza lilikatwa Mei hadi usawa wa goti, la pili Juni, la tatu mwishoni mwa Julai. Baada ya wiki sita hadi nane kila kundi lilikuwa limechanua tena, na maua yakapokezana hadi Oktoba. Mche uliokatwa ulipewa ndoo ya maji mara moja kwa wiki kwa wiki chache, baadaye ukaachwa kwa unyevu unaovuja kutoka matuta ya matikiti. Matawi yaliyokatwa yalitandazwa chini ya matikiti.

Sharti moja walilisimamia kwa ukali: hukati mistari yote kwa mara moja kwa sababu una mkasi mkononi na unataka kumaliza. Anayepogoa anakata kundi la mwezi huo na kuondoka.

Katika msimu huohuo mzee alidai nyuki wawekewe maji. Walikata pipa la plastiki kwa urefu, wakajaza mawe na vijiti ili nyuki wasizame, wakaliweka kivulini kati ya kichaka na shamba. Mtoto wa zamu alilijaza kila jioni.

Siku ya sumu

Septemba, jirani asiye mwanachama alipuliza dawa ya wadudu kwenye maboga yake asubuhi, maua yakiwa wazi. Kufikia mchana chini ya mistari ya kivumbasi iliyopakana naye kulikuwa na nyuki wakizunguka kwa mgongo, ulimi nje, na wengine wamekwisha kufa. Katibu aliandika kwamba mzinga mmoja ulinyamaza wiki hiyohiyo.

Nilisikia wengine wakisema jirani ana roho mbaya. Hakuwa na roho mbaya. Alikuwa na vidukari, na hakuna aliyekuwa amemwambia kitu. Ukipanda maua ya kuvuta nyuki umewaita wageni, na usalama wao uko mikononi mwa mwenyeji. Mwenyekiti alikwenda kwa jirani jioni na tikiti moja, wakazungumza. Wakapatana kwamba anayepuliza apulize baada ya jua kuzama, maua ya maboga na matikiti yakiwa yamefunga na nyuki wamerudi mizingani, na amwambie mwenzake siku moja kabla. Ndani ya kikundi waliongeza kwamba hakuna kupuliza dawa yoyote kwenye mistari ya kivumbasi, hata pakiwa na wadudu.

Matokeo

Misimu miwili ya upogoaji wa zamu imepita. Matikiti yenye shingo yapo bado, lakini hayajazi tena lundo la pembeni. Mnunuzi mmoja aliyekuwa akichagua moja moja sasa anapakia kwa tuta. Maboga nayo yameshika vizuri zaidi. Mizinga iliyo na nyuki hadi mvua zinapoanza imeongezeka.

Asali haikuongezeka. Nalisema wazi kwa sababu ndiyo iliyokuwa tamaa ya wengi walipoanza.

Rozimari imeingiza fedha kidogo kila mwezi, na inahimili kiangazi vizuri ikiwa juu ya tuta. Kwa nyuki haikusaidia sana, maana kwa joto la Dodoma ilichanua kwa kusitasita. Lavenda ya tuta la tangi iko hai, majani yananukia, maua machache.

Kwa nini ilikuwa hivyo

Lavenda haikufa kwa ukame. Ilikufa kwa maji, na kwa maji yaliyokuja wakati wa joto. Kwao mvua hunyesha majira ya baridi, na joto linapokuja ardhi ni kavu. Dodoma mambo yamegeuzwa: mvua na joto huja pamoja, na katika udongo wa mbuga maji hutuama kwenye mizizi, ikaoza. Neno "inastahimili ukame" kwenye pakiti halisemi lolote kuhusu Januari ya Dodoma. Tena lavenda ya kawaida hutaka baridi kali ili ichanue vizuri. Usiku wa Juni na Julai hapa unataka blanketi, lakini si baridi ya kugandisha. Anayetaka lavenda kweli atafute Lavandula dentata, ambayo huvumilia joto na haidai baridi kali, aianzishe kwa vipandikizi, na aiweke juu ya kichanga chenye kokoto.

Kivumbasi kilifanikiwa kwa kuwa hiki ndicho kiangazi chake. Lakini mmea wenyewe ni nusu tu ya sababu. Mwaka wa kwanza kilikuwepo, kilichanua, na hakikusaidia. Kilichobadilisha mambo ni tarehe ya mkasi. Wapo wanaouliza kama maua ya pembeni hayawezi kuwavuta nyuki kutoka kwenye matikiti. Hapa tuliangalia kwa makini. Kuanzia jua linapochomoza hadi saa nne nyuki walikuwa kwenye matikiti kwa wingi. Maua ya matikiti yalipoanza kufunga ndipo walipojazana kwenye kivumbasi na kubaki hapo hadi jioni. Ratiba ya maua hayo mawili ilipishana vizuri. Kwenye zao jingine mtu aangalie kwanza, asichukue jibu la matikiti.

Kuhusu mizinga isiyohama, pipa la maji na zamu ya kupogoa vilianza msimu mmoja, kwa hiyo kikundi hakiwezi kukipa kivumbasi sifa yote. Katika joto nyuki hutumia maji mengi kupoza mzinga, na mzee anaamini pipa ndilo lililofanya kazi kubwa. Nami naelekea kumuunga mkono.

Sasa asali. Nyuki huruka kilomita tatu kutoka mzingani bila shida. Duara la umbali huo kila upande wa mzinga ni hekta 2,800 na zaidi, karibu ekari 7,000. Mistari ya kivumbasi ya kikundi, ukiijumlisha yote, haifiki robo ekari. Robo ekari inaweza kuwaweka wachavushaji karibu na shamba na kuwapa cha kushikilia wiki za njaa. Haiwezi kujaza masega. Asali ya kijiji hiki inatoka kwenye migunga na vichaka vya porini, na kichaka kilicho nyuma ya shamba kimekuwa kikipungua kila mwaka kwa kukatwa mkaa. Mtu anayepanda maua huku miti ya maua inachomwa hajafanya kazi bure, lakini asitegemee asali.

Hilo ndilo linalowashughulisha wanakikundi sasa. Wamepeleka ombi serikali ya kijiji kwamba kichaka kile kitengwe kwa mizinga, na kiwekewe sheria ndogo. Wanaochoma mkaa wamepinga, na wana familia za kulisha kama wengine. Mwenyekiti amependekeza wapewe mizinga na nafasi ndani ya kikundi kabla kichaka hakijafungwa, na suala hilo limepangwa kwenye ajenda ya mkutano mkuu wa kijiji baada ya mavuno.